Injini ya Gari Langu la Matairi Matatu

Jumanne, 1 Julai 2025

Fremu imesimama! Saa kumi jioni fundi Feliksi kachomelea kipande cha mwisho, kavua miwani, kalizunguka gari mara mbili. Matairi mawili mbele, moja nyuma. Viti viwili, chini kabisa — ukikaa, kati yako na ardhi ni shubiri moja tu.

Miaka thelathini na moja nimefundisha fizikia, nikichora magari ubaoni na mishale ya nguvu. Sasa nimestaafu, nina langu. Halina injini, lakini ni langu.

Wema alipita akitoka zamu zahanati. Akaliangalia, akaniuliza kama kofia ngumu ipo. Ipo. Akauliza breki. Diski tatu, nikamwambia. Akaenda zake jikoni. Mwanangu huyu kila wiki anashona magoti ya madereva wa bodaboda, siwezi kumlaumu. Ila alinuna mpaka ugali ukapoa.

Alhamisi, 3 Julai

Feliksi anataka injini ya bodaboda, cc 150. Anasema spea zake zipo kila duka, kuanzia hapa Ujiji mpaka Kasulu, na yeye anaifungua hata amefumba macho. Mimi nilitaka tupige hesabu kwanza. Yeye hapendi hesabu, anapenda kusikiliza. Mlio, anasema, ndio unaomwambia kila kitu.

Tumekubaliana tujaribu. Kaazima ya shemeji yake.

Jumamosi, 5 Julai

Tumejaribu. Kwenye tambarare, raha tupu — upepo usoni, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha tukashika kilima, kutoka stesheni kwenda Mwanga. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Ikaanza kukohoa. Feliksi akashuka kunipunguzia uzito. Akawa anatembea pembeni yangu. Halafu akanipita. Nilipofika juu nilimkuta kakaa kwenye jiwe, anatafuna muwa.

Kosa si la injini. Ile imetengenezwa kwa pikipiki nyepesi inayopigwa upepo. Mimi nimeifungia kilo mia tatu na ushee, tena nimeificha nyuma ya viti ambako upepo haufiki. Ilichemka mpaka oili ikanuka. Basi nimejua mambo mawili. Nataka injini inayopozwa kwa maji. Na nataka nguvu ya kuvuta, si mbio peke yake.

Wapita njia walitusukuma kuondoka pale. Kila mmoja alitaka kukaa kidogo kwenye kiti.

Jumatatu, 7 Julai

Wema leo kashauri injini ya bajaji. Ina gia ya kurudi nyuma, anasema, na haiendi mbio. Alipofika kwenye "haiendi mbio" nikajua kwa nini kaipenda. Nilimjibu kwa upole kwamba nikitaka bajaji, ziko nyingi barabarani, nitapanda.

Alhamisi, 10 Julai

Sijui niandikeje. Kuna kijana pale Mwanga ana injini ya cc 600, silinda nne, ya pikipiki ya mashindano, imeingia kwa njia ya Bujumbura. Kaifunga kwenye meza ya chuma. Akaiwasha. Kwanza ilinong'ona. Akakanyaga — hapana, kavuta waya tu — ikapiga ukelele mmoja mwembamba, mrefu, nywele zikanisimama. Feliksi alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Nilitaka kuichukua palepale.

Nimerudi nyumbani nikachora grafu. Nguvu yote iko juu, baada ya mizunguko elfu tisa kwa dakika. Chini ya hapo imelala. Na barabara zetu — matuta, mbuzi, kona, mashimo — nitaipata wapi hiyo elfu tisa? Kila nikitaka kuondoka nitakuwa nachoma klachi. Nikaifuta grafu, nikaichora upya, nikitumaini nimekosea. Sikukosea.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa Feliksi kaniletea habari. Ilagala kuna mzee anaitwa Castory, mwenye mashine ya kusaga. Ana pikipiki kubwa ya cc 650, silinda mbili, ya maji. Aliachiwa na msafiri aliyekuwa anazunguka Afrika, uma wa mbele, ule unaoshika tairi, ukamvunjikia huko. Castory alimhifadhi mwezi mzima, naye akamwachia pikipiki kama shukrani. Haijatembea tangu hapo. Lakini kila Jumapili, anasema Feliksi, mzee anaiwasha, watu wanakuja kusikiliza.

Silinda mbili! Mbona sikuwaza silinda mbili?

Jumatano, 16 Julai

Ilagala, kwenda na kurudi. Mgongo umekwisha. Bwana Castory ni wa rika langu, mrefu, shati limepigwa pasi na bado lina unga mabegani. Tulisalimiana kwa Kiha, "mwakeye", akatupeleka stoo. Pikipiki imekaa katikati ya magunia ya dagaa, imefunikwa shuka safi.

Akaiwasha. Si ukelele ule wa Mwanga. Hii inaunguruma kwa chini, taratibu, haina haraka na mtu. Nikaweka kiganja juu ya injini. Nikamwomba aongeze kidogo tu, kidogo sana — nguvu ikaja palepale, haikungoja elfu tisa. Feliksi alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliniangalia tu. Kwa mara ya kwanza hesabu yangu na sikio lake vimekubaliana.

Nikamweleza Castory ninachotaka. Akaizima, akaifunika shuka.

"Mwalimu," akasema, "nikikupa hii, Jumapili nitasikiliza nini?"

Nikachukua mkaa, nikamchorea gari kwenye gunia tupu: matairi, viti, mahali pa injini. Aliitazama picha muda mrefu. Akauliza viti ni viwili kwa nini. Nikamwambia kimoja ni changu. Hapo akacheka. Lakini pikipiki hakutoa.

Ijumaa, 18 Julai

Kimya. Feliksi kanikumbusha kwamba ile ya Mwanga bado ipo mezani. Nimemwambia asinikumbushe.

Jumatatu, 21 Julai

Nilikuwa naanua nguo. Kijana wa jirani akaja kuniambia kuna mgeni wangu mwaloni, zinakofikia boti. Nikateremka na kanga yangu ya nyumbani — Castory! Kaja kwa boti, na injini yenyewe, ameitoa mwenyewe kwenye fremu ya pikipiki, imefungwa mikeka mitatu kama bibi harusi. Inanuka dagaa.

Nikamuuliza anauzaje.

"Siuzi," akasema. "Inahama tu. Na kile kiti cha pili ni changu."

Nikamwambia sawa. Nilisema haraka mno, naona aibu kuandika. Feliksi kaahidi kumfanyia matengenezo mashine yake ya kusaga. Castory akanywa chai, akauliza mume wangu yuko wapi, nikamweleza kwamba ni mwaka wa tisa sasa tangu afariki. Akasema wa mkewe ni wa sita. Kisha tukageukia habari za rejeta ya kupozea maji.

Jumamosi, 2 Agosti

Imekaa! Cheni imenyooka na sproketi, rejeta ipo mbele puani, mabomba ya maji yanapita chini ya viti. Tumepanda kile kilima cha Mwanga watu wawili, gia ya tatu, bila kushuka hata moja. Feliksi alitaka kulia, akasingizia vumbi.

Jioni Wema kaja kukagua breki. Kazikagua. Halafu akakaa kwenye kiti cha dereva, kuona kama magoti yangu yatagonga chuma, alisema. Kwa magoti yangu dakika moja ingetosha. Alikaa kama kumi, mikono juu ya usukani.

Jumapili, 10 Agosti

Niko Simbo, kando ya barabara. Tumetoka Ujiji asubuhi kuelekea Ilagala, mimi na Castory. Tumbo la gari limekwaruza mara nne, joto la maji halijapanda hata kidogo. Castory kavaa koti. Njia nzima alikuwa anacheka tu.

Wema alitufuata kwa pikipiki ya zahanati, na begi la huduma ya kwanza mgongoni. Tulipopumzika hapa akalizunguka gari. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba angependa kulijaribu, mpaka pale kwenye daraja dogo tu, ageuze. Nikampa kofia yangu. Castory akampisha kwa heshima zote.

Aliondoka polepole, kama anabeba mayai. Kalifikia daraja. Akasimama kidogo. Nikadhani anageuza.

Hajageuza. Kalivuka. Sasa naona vumbi tu, linakwenda upande wa ziwa. Castory ananiuliza kama tumfuate kwa pikipiki. Nimemwambia akae kwanza. Amekaa, karibu kuliko alivyohitaji, nami sikusogea.

Naandikia juu ya begi la bandeji la Wema. Nahesabu gia kwa sikio. Ya tatu. Ya nne. Sasa kwenye ule mteremko apunguze —

Kaongeza.