Ndama Aliyepimwa Mapema Mno

Jumanne, Agosti 1994

Bado nasema tulimpima mapema mno.

Ndama wetu ameachishwa kunyonya juzi tu. Mamake ni wa kienyeji, lakini babake ni fahali wa gredi, uzao wa kigeni wenye maziwa mengi. Mwalimu alitufundisha kwamba katika umri huu kifua na kimo havitofautishi ndama vizuri. Tofauti hujitokeza wakikua.

Leo nilimpima kwa tepu mbele ya Baba, nikamlinganisha na ndama wa kienyeji wa jirani. Walilingana.

"Nyara, binti yangu, unataka kumshonea rinda?" Baba alinitania. Kisha akaacha kucheka. "Umejionea mwenyewe. Huyu ni wa kienyeji. Kesho ataenda Ndhiwa na wenzake."

Huko kwa wakwe ndiko ng'ombe wa mahari ya kaka yangu wanakopelekwa. Baba alikuwa ameniahidi kwamba ndama akionekana wa gredi atabaki, maziwa yake yanilipie karo.

Nilimwomba angoje mwaka mmoja. Akasema, "Wakwe hawangoji tepu."

Labda afadhali ningeiweka tepu yangu mbali. Sasa vipimo nilivyochukua mimi ndivyo vinavyomtoa.

Nikifika Ndhiwa mwakani kumsalimia wifi kwao, nitaomba kumpima tena. Hawatamrudisha. Lakini nitajua.