Sili Nilizochoma Mwenyewe

Jumatano, Boito

Mimi ndiye niliyeziharibu. Sili zote tatu, zile pete za kuzuia pampu ya boila ya kiwanda isivuje, moja baada ya nyingine, na Langat amesimamishwa kazi kwa sababu hiyo.

Leo fundi kutoka Kericho aliifungua pampu mbele yetu. Sili ilikuwa imepasuka na kuungua. Tulingoja aseme ni feki, maana meneja alikuwa akimlaumu Langat, fundi wetu, kwamba hununua vitu vya bei rahisi.

"Hii ni orijino," akasema. "Imezunguka bila maji, na maji ndiyo huipoza. Nani huwasha pampu kabla ya kufungua koki?"

Ni mimi. Kila asubuhi naiacha izunguke kavu ipate joto kwanza, vile madereva wa lori za majani chai hufanya na injini kwa baridi ya huku. Hakuna aliyenifundisha. Nilijiona mwerevu.

Nilipotoka kazini nilienda moja kwa moja kwa Langat, nikamweleza nikiwa bado nimesimama mlangoni.

"Ouma! Kumbe ni wewe ulikuwa unanichomea sili?" Akaniangalia sana. "Na utasema hivyo mbele ya meneja?"

Nikasema ndiyo. Bibi yake akaniletea chai, nikaketi nao.

Kazi hii ndiyo inalisha watoto wangu kule Busia. Lakini watoto wa Langat walikuwa pale mezani, wakinisikiliza.