Nimempima Bibi kwa Mashine ya Paka

Shangazi wa gazetini, shikamoo.

Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, si mama, si daktari ninayemfanyia kazi, wala bibi mwenyewe ambaye ndiye mhusika, na hata sasa naandika nikiwa chooni kwa sababu ndicho chumba pekee kwetu chenye komeo: nimempima bibi yangu sukari kwa mashine ya paka.

Naomba nieleze tangu mwanzo usije ukanifikiria vibaya. Nimemaliza shule mwaka huu, nasubiri matokeo, na wakati nasubiri nasaidia kwenye kliniki ya wanyama, kazi yangu ni kuosha vizimba na kushika paka wasimkwaruze daktari, nami naipenda kwa sababu wanyama hawaulizi maswali na mimi nina aibu, nikiulizwa jambo mbele ya watu sauti inaniishia kooni. Kuna paka mmoja mnene mwenye kisukari, wa mwalimu mstaafu, analetwa mara mbili kwa wiki, anatobolewa sikioni, tone la damu linawekwa kwenye kijiti na mashine inatoa namba. Daktari amenifundisha, sasa nampima mwenyewe.

Bibi naye ana kisukari, humeza kidonge kimoja kila asubuhi, lakini kipimo chake kimeishiwa vijiti na duka la dawa kila siku wanasema njoo kesho, na kituo cha afya hataki kwenda kwa sababu ya foleni. Siku moja akaniambia, "Wewe si unashinda na daktari? Nipime wewe." Mama akacheka, "Mama, huyo daktari wake anatibu mbuzi." Bibi akamjibu, "Damu ni damu. Kwani mbuzi ana maji ya bomba mwilini?"

Shangazi, tangu nikiwa mdogo bibi huniita "bubu wenu", na siku ile alinitazama kama mtu anayeweza kitu, basi Ijumaa jioni nikaitia mashine ya akiba ya kliniki kwenye mkoba bila kuomba, nikabandika plasta juu ya picha ya unyayo wa paka, nikamwambia bibi nimeazimwa na nesi. Shida ikaja kwenye kuiwasha, maana kabla ya kupima inakutaka uchague mbwa au paka, hakuna kingine. Nikakaa nikafikiri. Mbwa nikaona nitakuwa nimemtukana mama mzaa mama ndani ya nyumba yake. Nikabonyeza paka.

Ikatoa kumi na nne. Kawaida bibi hucheza kwenye nane. Akasema, "Umeona? Nilijua kidonge kimoja hakinitoshi," akaanza kumeza viwili, na nilipomwambia tumuulize daktari kwanza akanijibu, "Daktari si wewe?" Tangu hapo ananiita Daktari, ananimiminia chai kabla ya wajomba, na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza kwa sababu ilinipendeza.

Jana asubuhi nilimkuta ameketi kitandani anatetemeka, jasho linamtiririka, ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki. Nikampima haraka, mashine ikasema saba, nikajiambia mbona yuko sawa, lakini mama alipoingia akamnywesha chai yenye sukari nyingi, na baada ya muda bibi akarudi kuwa bibi, akauliza ni nani aliyemwaga chai kwenye shuka lake. Tangu saa ile sina raha. Na leo ameniambia Jumamosi wanakuja wenzake watatu wa kikundi cha ushonaji, amewaahidi kwamba mjukuu wake atawapima, na mmoja wao ni mdadisi, akiiona ile plasta ataibandua tu. Nikisema ukweli bibi ataniona mwongo na daktari atanifukuza, nisiposema sijui itakuwaje.

Namba yangu ya simu iko nyuma ya karatasi. Nakuomba sana, Shangazi, usimwambie mtu. Mama husoma ukurasa wako kila wiki, kwa hiyo ikibidi kuichapa, mahali pa paka weka sungura, na mengine yabaki siri yako na yangu.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekupigia mara tatu hukupokea, basi nakutumia ujumbe huu kwenye simu, usome sasa hivi. Gazetini nitauweka siku utakayoniruhusu. Bibi hawezi kungoja gazeti.

Nimecheka, sikufichi. Nimezoea barua za watu walioshindwa kuchagua kati ya wawili, lakini wewe ndiwe wa kwanza kumchagulia bibi kati ya mbwa na paka. Adabu yako nimeiona. Akili ndiyo uliyoiacha kliniki.

Kicheko kiishie hapo. Nimemuuliza daktari wa watu kabla ya kukujibu. Anasema damu ya paka na ya binadamu hazibebi sukari kwa mpangilio mmoja, na mashine ya wanyama humpa mtu namba isiyo yake, mara nyingi ya juu kuliko ilivyo. Kwa hiyo ile kumi na nne usiiamini. Na ile saba ya asubuhi ile, kwa dalili ulizonieleza, anahofia sukari ya bibi ilikuwa imeshuka mno, na kidonge cha pili ndicho kilichoishusha. Chai ya mama yako imemwokoa. Mtu akitetemeka huku mashine inasema ni mzima, mwamini mtu.

Unaniomba siri. Ungeniambia umempenda kijana wa jirani, ningeitunza mpaka kaburini. Siri inayomezwa kwa maji kila asubuhi siitunzi hata siku moja.

Toka huko chooni, umwendee mama. Sauti ikikuishia, mpe simu asome mwenyewe, tena asome paka, si sungura. Bibi asiguse kidonge cha ziada, na leo hii, foleni au hakuna foleni, aende kituo cha afya, wao ndio wamwambie kesho ameze nini. Andika kwenye karatasi alimeza vingapi na siku zipi. Akitetemeka tena njiani, mpeni kitu kitamu maadamu anaweza kumeza, na mkimbie. Mashine mrudishie daktari mkononi, umwambie ilikokuwa, maana imegusa damu ya mtu. Atafoka. Ukiongezewa vizimba, osha. Wale wa kikundi cha ushonaji waje wanywe chai, lakini asitobolewe mtu kidole.

Kwa bibi usizunguke. Mwambie, "Bibi, mashine ile ni ya paka. Nilikudanganya kwa sababu nilipenda unavyoniita." Kisha nyamaza, akuseme. Atakusema sana. Mwache aendelee, wewe endelea kumvalisha viatu vya kwendea kituoni.