Folda ya Njano

Tandika, Temeke
Alhamisi jioni

Dada yangu Zuena,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Ukimaliza, ifiche barua hii chini ya kanga zako, na neno lililomo usimwambie mtu, hata shemeji, hata akikuuliza mbona umelia, mpaka Jumatatu ipite. Baada ya Jumatatu haitakuwa siri tena.

Assalaam alaykum. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na Tanga imeanza kukuzoea. Mama anakusalimu. Bado yumo eda, anakaa chumba cha ndani, anakula akilazimishwa. Mguu wake umepungua kuvimba. Kila siku huniuliza kama umepiga simu. Mimi mwili hauna neno. Masijala wananivumilia, ingawa wiki hii nimepeleka majalada mawili kwa maofisa wasiohusika, jambo ambalo sijalifanya tangu niajiriwe.

Nakuandikia kwa mkono na kumpa Salma wa nyumba ya pili, anayekuja huko kesho, kwa sababu simu yako shemeji huishika, na kwa sababu siwezi tena kutuma kitu bila kujua kimefika mkononi mwa nani.

Unaikumbuka kompyuta ya Baba, ile aliyoinunua Kariakoo, imeshatumika, mwaka aliostaafu bandarini. Alisema miaka thelathini ameandika mizigo ya watu ikishushwa melini, sasa na yeye atashusha yake. Ndiyo maana hakusema kupakua kamwe, alisema kushusha. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwandikia hatua kwenye daftari: bonyeza mshale, subiri duara lijae, funga, kisha fungua folda ya njano pembeni mwa skrini. Alizifuata kama anavyofuata udhu, haruki hata moja wala haongezi. Kitu kisipokuwa kwenye folda ya njano, kwake hakikuwapo duniani.

Siku kumi na sita kabla ya harusi yako, karani wa hospitali aliyokwenda kupimwa, anaitwa Demetria, alimpigia Baba kumwambia majibu yametumwa kwa barua pepe, ayachapishe ayapeleke kwa daktari. Baba mwenyewe ndiye aliyeomba yatumwe hivyo. Alimwambia yule binti, kwa majivuno, kwamba nyumbani ana kompyuta. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi asubuhi yake Baba akiwa msikitini. Nikafungua mimi. Yaliandikwa mambo mengi, lakini niliyoyaelewa yalitosha: uvimbe kwenye ini, umeshasambaa, mgonjwa afike bila kuchelewa.

Sare za harusi yako zilikuwa zimetandazwa juu ya kochi. Unajua nyumbani kwetu habari mbaya hungojeshwa. Bibi alipofariki Kilwa, Mama aliambiwa ni mgonjwa tu mpaka basi lilipofika Somanga. Nikasema moyoni, siku kumi na sita, harusi ipite. Kufuta nilishindwa, maana mtu wa masijala hachani jalada. Basi nikayahamishia majibu diski ya pili, ndani ya folda ya masomo yangu ya chuo, kisha nikaingia kwenye mipangilio na kubadilisha mahali pa kuhifadhia, ili chochote Baba atakachoshusha kiende huko. Nilijiambia kuhamisha si kufuta. Nilijua pia kwamba hatatafuta nje ya daftari, kwa kuwa daftari niliandika mimi.

Aliporudi alifuata hatua zake. Nikamsikia ananiita kutoka sebuleni. "We Talha, kitu kinasema kimeshuka. Kimeshukia wapi?" Kisha akacheka peke yake, akasema labda konda amekipitisha kituo, saa hizi kiko Mbagala. Na mimi nikacheka, Dada. Nikamwambia mtandao wa hospitali ni mbovu, wanatuma maboksi matupu, asubiri.

Alimpigia Demetria, akatumiwa tena. Akapiga mara ya pili, yule binti akamjibu kwa adabu kwamba huko kwao inaonyesha yamefika. Baba akaona haya kusumbua zaidi, ila alimlalamikia Baba Mdogo Nassibu kwamba watu wale wanacheza na wagonjwa. Siku ya harusi ulimwona. Aliposhika mkono wa shemeji kukuozesha, mkono wake wa pili ulikuwa ubavuni. Wewe ulikuwa na furaha, na ilikuwa haki yako.

Mazishi ulikuwapo, sina haja ya kuyasimulia. Hukuyaona ya baada ya kuondoka kwako. Baba Mdogo ameapa kwamba hospitali ndiyo iliyomuua kaka yake kwa kutotuma majibu. Alinikalisha kwenye kompyuta hiyohiyo akaniamuru niandike malalamiko. Nikayaandika. Yeye alitaka kusema wazembe, mimi ndiye niliyeweka maneno "uzembe uliokithiri usiovumilika katika utumishi." Alipoyasoma alinipiga begani, akasema hii ndiyo faida ya kusomesha mtoto.

Demetria amesimamishwa kazi. Siku ya hitma alikuja na rambirambi yake, amejifunga kanga kichwani vizuri kuliko hata baadhi ya wanawake wetu. Baba Mdogo alimwambia mbele ya wageni kwamba kazi yake kupaka kucha rangi huku ndugu yake yuko udongoni. Yule binti alinigeukia mimi, akaniambia, "Kaka, mie nilituma. Wewe si ndiye mtaalamu wa kompyuta hapa? Hebu waangalizie." Nilitazama viatu vyangu mpaka alipoondoka. Jumatatu saa tatu asubuhi anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya hospitali.

Juzi Baba Mdogo aliniagiza nichapishe ushahidi kwamba hakikuja kitu. Nikaifungua ile folda kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilidhani nitakuta faili mbili au tatu. Dada, kila mtu anaposhusha kitu kilekile tena, kompyuta huongeza namba. Nilikuta majibu, majibu moja, majibu mbili, mpaka majibu kumi na nane. Ile isiyo na namba niliihamisha mimi. Kumi na nane zote ni za mkono wa Baba. Alikuwa akirudi pale mezani wakati sipo, anafuata daftari langu hatua kwa hatua, anafungua folda ya njano, anakuta hakuna kitu, anafunga. Hakuniita tena. Nadhani aliona ni yeye asiyejua.

Kila moja ina tarehe na saa yake. Nakala tano ni za kabla ya harusi. Moja ni ya alfajiri ya siku ya harusi yenyewe, kabla hajavaa kanzu. Kumi na mbili ni za baada. Ya mwisho ni ya asubuhi aliyoanguka.

Hizo kumi na mbili ndizo zilizonifanya nikuandikie. Mpaka juzi nilikuwa najiambia nilifanya kwa ajili yako, na kama ungenishutumu ningekujibu hivyo. Si kweli. Harusi ilipita, mkaondoka, sare zikafuliwa zikakunjwa, na mimi nikakaa wiki tatu nzima sina sababu yoyote isipokuwa hofu. Nilikuwa naogopa uso wake akisoma. Halafu nikaogopa aniulize nilijua tangu lini. Kila siku iliyopita iliifanya ya kesho iwe ngumu zaidi. Daktari aliniambia mwishoni kwamba ini lisingepona, lakini yale maji ya tumboni yangetolewa mapema na maumivu yangepunguzwa. Yale maumivu, Zuena, ambayo mimi na Mama tulikuwa tunayasikia kupitia ukutani.

Kuifuta folda ni kubonyeza mara mbili tu. Nimekaa mbele yake siku mbili sikuifuta. Leo nimeichapisha orodha yote na kuitia kwenye flashi. Mama nitamwambia Jumapili baada ya adhuhuri, mimi mwenyewe, kisha Baba Mdogo. Jumatatu nitakuwa kwenye mlango wa kamati kabla Demetria hajaitwa. Sikuombi unitetee. Nimetaka tu usisikie kwa mtu mwingine kwamba harusi yako ilitajwa ndani ya jambo hili, wakati wewe hukujua lolote.

Nisalimie shemeji kwa salamu za kawaida, nawe ujitunze.

Ukitaka kunipata kabla ya Jumapili, usipige ya nyumbani. Piga ofisini, saa saba hadi saa nane mchana, uombe masijala. Baada ya Jumapili sidhani kama nitalala hapa. Nitakuwa kwa Badru, mwenzangu wa kazini, Kinondoni, nyuma ya soko, nyumba yenye geti la bluu. Uliza kwa fundi cherehani aliye barazani. Usipotaka kunipata, nitaelewa. Ukija kwenye arobaini na mimi sipo, kompyuta iko palepale mezani chini ya kitambaa cha Mama. Washa, fungua folda ya njano. Nimeyarudisha majibu mahali pake, na nakala zote zimo.

Mdogo wako,
Talha Mbwana