Tobago, Bahari Iliyonifika Kiunoni

Mama mpenzi, shikamoo kutoka huku kisiwani Tobago, kwa wakwe zangu!

Leo mwenye boti alizima injini katikati ya bahari akasema, "Shukeni." Nikamwambia, "Baba, sijui kuogelea, na huyu mtoto bado namtaka!" Akacheka tu. Nikamfunga Neema mgongoni kwa kile kitenge chako, nikafumba macho, nikaruka huku namwita Yesu kwa sauti. Mama, maji yakanifika kiunoni tu, kumbe hapo ni fungu la mchanga! Samaki wa bluu wakatupita miguuni, boti nzima hoi kwa kicheko.

Basi Neema, huyu anayekujibu Kiingereza kila siku mpaka unanuna, akanipiga bega: "Mama, tena! Tena!" Kwa Kiswahili, mama! Ikabidi nipande niruke tena, machozi yananitoka.

Pumzika kabisa sasa. Tukirudi nyumbani Minto, mjukuu wako hatakuacha ulale.

Wako, Espérance