Tuzibebe Skuta za Mbao au Tuziache

Baba Salma,

Salamu zikufikie huko uliko. Wanao wazima wa mwili. Mimi nimetoka eda Alhamisi iliyopita. Mama yako alinikogesha mwenyewe, akanivisha kanga mpya, akaniambia sasa naweza kwenda nitakako. Nikatoka mpaka uani, nikasimama tu. Sikuwa na pa kwenda.

Lakini korosho hazingoji mtu atulie. Zimeshaanza kuanguka, na kesho tunahamia kambini kule shamba kama kila mwaka, mpaka msimu uishe. Mdogo wako Hashimu ametoa pikipiki yake ibebe mizigo, safari mbili tu. Basi tangu juzi nafunga na kufungua. Sufuria, unga, neti, turubai, madumu ya maji, magunia, vyote vimepata nafasi. Kilichonishinda ni skuta mbili za watoto.

Unakumbuka ulivyozitengeneza? Ulirudi kwa fundi pikipiki na mfuko wa beringi mbovu, nikadhani umeokota vyuma vya kuuza. Ukakata mbao za kile kitanda kilichovunjika, ukapigilia misumari, beringi ukazifanya magurudumu, ukafunga usukani kwa bolti. Ya Salma ikatoka nzuri. Ya Kulu ikawa inavuta kushoto, kila akisukuma mguu anaishia kwenye ukuta wa jirani, na wewe unacheka. Jirani mwenyewe, Bi Somoe, akasema kwa kelele zile naona nyumba hii imefungua mashine ya kusaga. Ukamjibu alete mahindi.

Mimi nilikuuliza, skuta za nini kwenye mchanga wa kule kambini? Ukaendelea kupigilia misumari. Ulitangulia wiki nzima, kama kawaida yako, kuezeka kibanda na kutengeneza uwanja wa kuanikia korosho. Tulipofika nikakuta uwanja mrefu kama njia, udongo wa kichuguu umeumwagia maji ukaupiga kwa gogo mpaka umekuwa sakafu. Nikakwambia korosho zetu hazijazi hata robo yake. Ukasema, "Hiyo robo ndiyo ya korosho. Iliyobaki ya wanangu." Alasiri tukimaliza kuokota, unamsukuma Kulu mgongoni, unakimbia umeinama, mpaka mwenyewe unashika kiuno.

Sasa nikwambie nililofanya.

Homa ilipokuchukua kwa zile siku tatu, watoto walikuwa kwa mama yangu, kule Mitole. Hatukuwahi kuwafuata. Waliporudi ulikuwa umeshazikwa, na mimi nimeshakaa eda chumbani. Salma aliambiwa na bibi yake. Kulu akaja akanilalia mapajani, akauliza baba yuko wapi. Nikasema, "Yuko shamba." Lilinitoka tu. Kila mwaka ukikosekana nyumbani unakuwa shamba, mdomo ukafuata mazoea. Nikajiambia nitamwambia kweli kesho. Hiyo kesho ikawa miezi minne na siku kumi.

Na yeye akaamini. Kila aliyekuja kunipa pole, Kulu alimwambia baba yuko shamba, anapiga uwanja. Watu wakawa wanatazama chini. Salma naye akaanza kunisaidia uongo wangu. Mdogo wake akiuliza mbona harudi, anamjibu kazi bado nyingi, kisha anakwenda kukaa nyuma ya jiko peke yake. Mtoto wa miaka tisa, Baba Salma. Nilikuwa namwona dirishani na sikutoka kumfuata.

Juzi Kulu akaburuta skuta yake mpaka kwenye mizigo, akasema baba akaunyooshe usukani. Hashimu akacheka: shemeji, tunakwenda kuokota korosho au kwenye mashindano? Akaitoa. Kulu akairudisha. Ikatolewa, ikarudi. Mimi nimekaa juu ya gunia nawatazama. Niliona nikiibeba nampeleka mtoto kwa mtu ambaye hayuko, afike akute uwanja umepasuka na majani yameota, aanze kukuita katikati ya mikorosho. Nikiiacha atataka kujua kwa nini, na jibu ninalo moja tu.

Salma ndiye aliyesema. Hakupandisha hata sauti. "Mama, mimi nimechoka kumjibu. Mwambie wewe."

Basi leo asubuhi nimempakata Kulu nikamwambia. Baba hayuko shamba. Baba aliumwa, akafa, wakamzika, na mama aliogopa kukwambia. Nikamwonyesha makaburi kwa mbali. Aliyatazama, akaniuliza, "Akimaliza kufa atakuja?"

Nikamwambia haji, mwanangu.

Hakulia. Afadhali angelia. Alishuka mapajani, akaenda mwenyewe kwenye mizigo akaichomoa skuta yake, akaiegemeza ukutani imegeukia ukuta. Mchana hakula. Uji hakunywa. Mama yako alinitazama, nami nikaona nimemharibu mtoto mara mbili, kwanza kwa uongo, na sasa kwa ukweli.

Alasiri Salma akatoa ya kwake. Akamsimamisha mdogo wake mbele, katikati ya mikono yake, wakashuka taratibu ile njia ngumu ya kwenda kisimani. Wakarudi. Wakashuka tena. Mara ya tatu nikamsikia Kulu anamlalamikia dada yake kwamba anaendesha kama bibi. Nikaingia ndani nikalia mpaka kanga ikalowa. Nilipotoka nikamwambia Hashimu azifunge zote mbili, na nafasi isipotosha aache godoro langu, nitalala mkekani. Akaniangalia usoni, akachukua kamba.

Uwanja sijui nitauwezaje. Kupiga udongo sijawahi, ile ilikuwa kazi yako, na gogo lenyewe naona litanishinda. Nitapiga kipande leo, kipande kesho. Salma amesema atachota maji. Huenda uwanja wa mwaka huu ukawa mfupi, zikatosha korosho tu na nafasi ya skuta kugeuza. Mwakani tutauongeza.

Nina hasira na wewe pia, nisikufiche. Kuna siku nakutafuta nikugombeze. Leo nilitaka uwe umekaa pembeni yangu wakati nasema lile neno, hata kama hungesema kitu. Allah akupanulie hapo ulipo, na anisaidie mimi hapa nilipobaki na wawili hawa.

Tunaondoka kesho asubuhi. Kulu anakuja akijua kwamba hutatupokea.

Mkeo,
Mama Salma