Weusi wa kisu ya Muzee Kamate

Régine, weye iko? Kaa chini kwanza. Mama ametoka kunielezea mambo ya baba na visu vyake vya kukunja. Nimecheka mpaka machozi!

Unajua ile anapenda kupita zote, ya Thiers, ule muji wa Ufaransa wa wafundi wa visu. Unajua vile anaonyeshaka wageni: "Angalia huu weusi ku chuma. Ni miaka mia moja."

Miaka mia moja!!

Mu 1982 baba, Muzee Kamate, alisafiri ku Nyankunde. Mama yetu Mbambu akapata samaki ya ziwa, ya Tchomia, lakini kisu ya jikoni ilipotea. Akafungua valize ya visu ya bwana, akabeba ile ya Thiers. Ilikuwa inangaa sawa kioo! Akapara nayo samaki, akakata ndimu, akaisahau ndani ya ndimu.

Asubui: nyeusi ti!

Akasugua na majivu, wapi. Akairudisha, akaanza kusali.

Baba akarudi na rafiki yake Mathieu, naye mukusanyaji wa visu. Baba akafungua kisu, akaigeuza-geuza. Mama akasema mu roho: leo narudishwa kwetu.

Mathieu akainyanganya, akainusa. "Kamate! Hii ni ya zamani sana, hata harufu!"

HATA HARUFU, Régine!

Baba akatazama kisu. Akamutazama mama. Akamujibu Mathieu: "Si nilikuambiaka?"

Alimutazama mama, unasikia?

Kesho yake mama akakuta kisu ingine ya kukunja ya baba ku meza ya jikoni, inangaa, na ndimu tatu pembeni.